Mpelelezi ndani ya mashini: namna tulivyosafisha kompyuta ya sindika yetu, Yanonge

Mama mmoja alifika na baleniere ya asubuhi, mtoto mgongoni, na bahasha ya plastiki mkononi. Bwana yake alikuwa mwanachama wetu. Shimo lilimwangukia huko machimboni upande wa Opala, na sisi ndio tuliotengeneza dosye yake: maneno ya mashahidi wanne, picha za shimo, kopi ya karte yake ya mchimbaji, na barua ya kuomba msaada wa mazishi na wa watoto. Siku hiyo mama alikuja kuchukua karatasi zilizochapwa ili aende nazo Kisangani.

Tukaingiza flashi ndani ya kompyuta. Badala ya dosye zetu zote tukaona alama moja tu, yenye jina la flashi yenyewe. Tukaibonyeza. Dirisha jeusi likaonekana kidogo kama umeme wa mvua, likapotea. Tukabonyeza tena. Ni vile vile.

Mama akatuuliza, “Papa Prezida, karatasi za bwana yangu ziko wapi?”

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia arudi kesho, na yeye alikuwa amekwisha kulipa nauli ya baleniere.

Ndugu wasomaji, tunaandika haya kwa sababu tunajua hatuko peke yetu. Katika kila koperative, kila kanisa, kila shule ya hapa kwetu, iko mashini moja ya namna hii: imezeeka, inatumiwa na watu kumi, inakula flashi za kila mtu, na hakuna anayejua kilicho ndani yake. Sisi si mafundi. Tumesoma sekondari, tukachimba, kisha wenzetu wakatuchagua kusimamia mambo yao. Lakini mambo yao siku hizi yako ndani ya kompyuta, na kuyasimamia maana yake ni kuilinda hiyo kompyuta.

Dalili tulizozidharau

Tuseme kweli: ugonjwa haukuanza siku ile. Miezi mitatu nzima mashini ilikuwa inatuambia, nasi hatusikii. Ilikuwa inachukua muda wa kupika chai mpaka kufunguka. Feni yake ilipiga kelele hata kama hatufanyi kitu. Tukifungua intaneti, ukurasa mwingine unajifungua wenyewe, na picha za michezo ya kamari na za wanawake. Mega tunazonunua kwa wiki ziliisha kwa siku mbili. Sisi tukasema ni betri ya panneau imechoka, ni jua haba, ni uzee wa mashini.

Dalili mbili ndizo zingetufungua macho. Ya kwanza: ile ngao ya “Sécurité Windows” iliyo chini kuliani ilikuwa na msalaba mwekundu, na kila tukijaribu kuiwasha inajizima. Ya pili: kurasa zote zilifunguka, habari za mpira, muziki, lakini ukurasa wa kampuni yoyote ya kuuza dawa za virusi haufunguki. Mashini inayokukataza kwenda kwa daktari, jua kwamba anayekukataza si mashini, ni mgonjwa aliyeingia ndani yake. Si ujanja mpya. Mdudu aliyeitwa Conficker, aliyetokea mwaka 2008 na kushika mamilioni ya kompyuta duniani, alifanya vile vile: alizima kinga ya Windows na kufunga njia ya kwenda kwenye kurasa za dawa.

Iko pia jambo la tatu, na hili tunalisema kwa uangalifu. Tulipokuwa tunajitayarisha kuzungumza na mnunuzi mmoja juu ya bei, tuliandika katika kompyuta bei ya chini ambayo hatutaivuka. Siku ya mazungumzo yule bwana alitaja bei ile ile, kama mtu aliyeisoma. Hatuna ushahidi. Inaweza kuwa ni mpelelezi wa kompyuta, inaweza kuwa ni mdomo wa mmoja wetu. Lakini tangu siku hiyo tuliacha kuiita mashini yetu “nzito”. Tukaanza kuiita “mgonjwa”.

Mpelelezi ni nani?

Watu wengi husema “virusi” kwa kila kitu. Lakini ziko namna mbalimbali. Kuna virusi vya kuharibu, na kuna programu za upelelezi. Mpelelezi hataki kompyuta yako ife. Anataka iishi, ili akae ndani na kuangalia. Mmoja anaandika kila herufi unayopiga. Mwingine anachukua picha ya kioo. Mwingine anakusanya maneno ya siri ambayo navigateri yako imeyahifadhi, na kuyapeleka kwa bwana wake kupitia intaneti, kwa mega zako wewe. Mwingine anafungua mlango tu, ili bwana wake aingie siku atakayotaka.

Kompyuta ya sindika ina nini cha kupelelezwa? Ndivyo tulivyojiuliza. Tukahesabu: majina ya wanachama na namba zao za simu, michango ya kila mwezi, dosye za waliokufa na walioumia, majina ya mashahidi waliosema juu ya PDG wa shimo fulani, barua kwa SAEMAPE na kwa wakubwa wa mines. Shahidi aliyetuamini amesema maneno ambayo machimboni yanaweza kumletea taabu. Jina lake likitoka, si kompyuta itakayopigwa usiku.

Flashi inatembea kama mgonjwa

Mdudu alituingilia wapi? Si kupitia intaneti, kwa maana hapa Yanonge intaneti ni ya kubahatisha. Alikuja na flashi. Flashi yetu hupanda baleniere mpaka Kisangani, kama kilometa 60, inaingia katika birotiki moja ya mjini kuchapa karatasi, halafu inarudi. Katika birotiki zile kompyuta moja inapokea flashi nyingi sana kwa siku, kama bakuli moja la maji linalonywewa na kijiji kizima.

Na si sisi tu. Mwaka 2023 wachunguzi wa Mandiant, kampuni ya Google, walitangaza kwamba kikundi cha wapelelezi wanachokihusisha na China kiliingia katika mashirika 29 au zaidi kwa njia ya flashi. Magonjwa mengi yalianzia katika matawi yaliyoko Afrika: Tanzania, Kenya, Zimbabwe, Ghana, Misri, Madagaska. Wachunguzi walitaja saiba na maduka ya kuchapa karatasi kama fasi za kuambukizana. Na kati ya kazi zilizoguswa walitaja pia mines. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba flashi ya mchimbaji haina maana.

Familia ya mdudu huyo inaitwa PlugX, na inajulikana tangu mwaka 2008. Mwaka 2020 ilitengenezwa aina inayojibandika yenyewe kwenye flashi. Inafanya hivi: inahamisha dosye zako zote kwenye chumba kilichofichwa ndani ya flashi, kisha inaweka mlangoni alama moja yenye sura na jina la flashi. Ukibonyeza, mdudu anaamka kwanza, halafu anakufungulia dosye zako ili usistuke. Tuliposoma hayo tukatazamana. Ilikuwa kama mtu ametuandikia habari ya meza yetu wenyewe, tofauti ni kwamba wa kwetu hata kufungua dosye hakufungua.

Mwisho wa kisa hicho ni wa kushangaza. Mabwana wa mdudu waliacha mashini yao moja ya kutolea amri. Mwezi wa Septemba 2023 kampuni ya Ufaransa, Sekoia, ilinunua anwani ya mashini hiyo kwa dola 7 tu. Walipoiwasha, kompyuta zilizougua zikaanza kubisha hodi kuuliza, “Bwana, tufanye nini?” Kila siku anwani 90,000 mpaka 100,000. Kwa miezi sita zilifika anwani milioni 2.5 hivi, kutoka nchi 170. Mdudu yule alikuwa na amri ndani yake ya kujiua. Basi tarehe 18 Julai 2024, sheria ya Paris na gendarmerie ya Ufaransa wakaanza kuituma kwa kompyuta za kwao. Mwezi wa Januari 2025 Wamarekani nao walisema wamesafisha kompyuta 4,258 kwa njia hiyo hiyo.

Habari njema kwa wale. Lakini Yanonge hakuna gendarme wa Paris atakayekuja kusafisha. Tunasafisha sisi.

Usifomate kwanza

Fundi wa kwanza tuliyemwendea, mjini, hakuangalia hata dakika tano. Alisema: “Ba papa, mashini yenu iko na badudu mingi. Tunafomata tu, inaisha. Dola kumi.” Tulikuwa karibu kukubali. Kufomata ni kufuta vyote: mdudu, lakini pia dosye ya mama, orodha, michango ya miaka yote.

Aliyetuokoa ni kijana wa mwanachama wetu, anayesoma informatike Kisangani. Tulimpigia simu. Alisema neno moja ambalo tunataka kila msomaji alikate na kulibandika juu ya meza: “Musifomate kwanza. Na musibonyeze tena ile alama. Munangoja.” Siku tatu baadaye alishuka na mto, na flashi yake mpya mfukoni. Haya ndiyo tuliyofanya pamoja naye, kwa utaratibu wake.

Hatua kwa hatua

Kwanza, kata intaneti. Tulizima wifi na kutoa simu tuliyokuwa tunaichomeka kwa ajili ya mega. Mpelelezi asiye na intaneti ni mpelelezi asiye na mdomo: anaweza kusikia, hawezi kusema.

Pili, tayarisha umeme. Kusafisha kunachukua saa nyingi. Mashini ikizimika katikati, unaanza upya, na pengine Windows yenyewe inaharibika. Tulichanga essence ya groupe, tukangoja mpaka betri ijae.

Tatu, hifadhi karatasi. Tulinakili maandishi, picha na hesabu tu kwenye diski ya nje. Hatukunakili programu hata moja, kwa maana ndani ya programu ndimo mdudu anapenda kulala. Diski ile tuliiandika kwa wino mwekundu: MGONJWA. Isifunguliwe mpaka ipimwe.

Nne, lete dawa kutoka kwa mtu mzima. Dawa usiitafute kwa mashini inayougua, ipakue kwa kompyuta safi. Kijana alileta mbili. Ya kwanza ni Microsoft Safety Scanner, ya bure, yenye uzito wa zaidi ya mega 100. Haihitaji kuwekwa, unaibonyeza tu inafanya kazi. Lakini angalia: muda wake ni siku 10 tangu siku ya kuipakua, baadaye lazima uchukue mpya. Ya pili ni Malwarebytes, ambayo kwa bure inapima na kuondoa. Zote mbili alizichukua kwenye ukurasa wa wenyewe. Alituonya: ukiandika “antivirus gratuit” na kubonyeza chochote kinachokuja mbele, unaweza kuleta mwizi aliyevaa nguo za polisi. Ziko dawa za uongo zinazokutangazia “virusi 500!” kwa herufi nyekundu, kisha zinaomba pesa. Na ile kodi ya wizi ya kufungua Windows bila kulipa, ambayo mafundi wengi wanatuwekea, mara nyingi ndiyo mlango mkubwa wa wadudu.

Tano, washa kwa “mode sans échec”. Hapo Windows inaamka na vitu vya lazima tu, na wadudu wengi wanabaki wamelala. Shika kitufe cha Shift, huku unabonyeza “Redémarrer”. Halafu “Dépannage”, “Options avancées”, “Paramètres”, “Redémarrer”, na mwisho namba 4. Ukihitaji intaneti ndani yake, ni namba 5.

Sita, pima, moja moja. Tulianza na dawa ya Microsoft, kupima kwote, si kwa haraka. Ilianza saa mbili ya asubuhi, ikamaliza saa saba. Kisha Malwarebytes. Tusiweke dawa mbili za kulinda wakati wote katika mashini moja, kwa maana zinapigana zenyewe kama majogoo wawili. Lakini kupima na moja, kumaliza, kisha kupima na nyingine, hiyo ni sawa, tena ni vizuri: moja inaona ambacho nyingine haikuona.

Saba, weka kifungoni, usiue papo hapo. Dawa ilituonyesha zaidi ya vitu mia mbili. Tukaogopa. Kijana akacheka: vingi ni nyayo za mdudu mmoja, kama mtu mmoja anavyoacha nyayo nyingi matopeni. Vyote tuliviweka “en quarantaine”. Ni kama kaso: mfungwa yuko, haendi popote, na kama umekosea unaweza kumtoa. Baadaye, mashini ikitembea vizuri, unafuta.

Nane, washa upya na upime tena. Rudia mpaka dawa iseme haikuona kitu. Sisi ilikuwa mara tatu.

Mashini ikikataa dawa

Mara ya kwanza Malwarebytes ilikataa kuingia. Unabonyeza, kinaonekana kidogo, kinafungwa. Hiyo ni kawaida kwa mashini iliyougua sana: mdudu anajua majina ya dawa na anayangojea mlangoni. Iko ujanja wa zamani: badilisha jina la faili. Tuliiita “mihogo”. Ikaingia! Tulicheka wote, hata mzee wetu wa kasa ambaye tangu asubuhi hakufungua mdomo.

Kama jina halisaidii, iko njia yenye nguvu zaidi ambayo tayari iko ndani ya Windows 10 na 11. Fungua “Sécurité Windows”, kisha “Protection contre les virus et menaces”, kisha “Options d’analyse”, na uchague ile ya Microsoft Defender “hors ligne”. Kompyuta itajizima na kupima kabla Windows haijaamka, wakati mdudu hajavaa hata suruali. Ni kama dakika 15. Kwetu ngao ilikuwa imekufa, ikabidi tusafishe kwanza na zile mbili, kisha ngao ikaamka, ndipo tukaitumia kuhakikisha. Na kama Windows haiwezi kuamka kabisa, ziko dawa kama Kaspersky Rescue Disk zinazowashwa kutoka flashi yenyewe, bila Windows.

Baada ya wadudu kwisha, tulipitia nyumba kwa macho yetu. Ctrl, Shift na Esc pamoja, sehemu ya “Démarrage”: hapo unaona nani anaamka pamoja na mashini. Tulizima majina matatu tusiyoyajua. Kisha orodha ya programu zilizowekwa: tukaondoa michezo, “vichapuzi” vya kompyuta, na vitu vilivyoingia bila kuitwa. Kisha navigateri: tukaondoa nyongeza zote, tukairudisha ilivyokuwa siku ya kwanza. Zile kurasa za kamari zikakoma.

Karatasi za mama

Sasa flashi. Kompyuta ilipokuwa safi, na ngao yake imewaka, tuliingiza flashi bila kubonyeza kitu. Dawa ikamshika mdudu mara moja. Lakini dosye bado hazionekani. Kijana akafungua dirisha jeusi la amri, safari hii la kwetu, akaandika mstari mmoja:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo E ni herufi ya flashi, kwako inaweza kuwa F au G. Tukangoja. Kikatokea chumba kimoja kisicho na jina, na ndani yake vyote: mashahidi wanne, picha, karte, barua. Hakuna hata karatasi moja iliyopotea. Mdudu hakuzifuta, alizificha tu. Kama tungekuwa tumelipa zile dola kumi, tungekuwa tumezichoma kwa mikono yetu wenyewe.

Mama alirudi siku ya soko. Tulimpa karatasi na nauli. Dosye yake iko mbele ya wakubwa, inangoja. Hatuwezi kusema imekwisha. Lakini iko.

Baada ya kusafisha, kazi haijaisha

Hapa ndipo wengi wanakosea. Ukimfukuza mwizi, bado ana ufunguo alioutengenezea kopi. Maneno yote ya siri yaliyopita katika mashini ile yahesabiwe kwamba yametoka. Tuliyabadilisha yote, na tuliyabadilisha kwa simu safi, baada ya mashini kupona: anwani ya emeili kwanza, kwa maana ndiyo inayofungua mengine, kisha Facebook ya sindika. Tukaweka na hatua ya pili, ile ya kodi inayokuja kwa simu.

Kwa WhatsApp, fungua simu, nenda “Appareils connectés”. Tulikuta mashini mbili. Moja ni yetu. Nyingine ni ya saiba ya Kisangani, ambapo mmoja wetu alifungua WhatsApp akaondoka bila kufunga. Miezi minne mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti kile angeweza kusoma maneno yetu! Tuliikata. Bibi na watoto wetu nao waliangalia simu zao jioni ile. Wawili walikuta mashini wasizozijua.

Na pesa za simu: kasa wetu alikuwa ameandika kodi ya siri ya M-Pesa ndani ya kompyuta “ili asisahau”. Tuliibadilisha saa ile ile. Hatukumgombeza sana, kwa maana sisi ndio tuliomwambia aandike kila kitu.

Wakati wa kufomata kweli

Hatusemi kufomata ni vibaya. Kama umepima mara nyingi na mdudu anarudi, kama mashini inafanya mambo ya pesa nyingi, au kama huwezi tena kuiamini, hifadhi karatasi kwanza, halafu fomata na uweke Windows upya. Watu wa kazi hii wanasema kompyuta iliyougua sana huwezi kuiapia asilimia mia kwamba imepona. Sisi pia tumepanga kufomata yetu mwishoni, karatasi zikiwa zimepimwa. Tena Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashini ya zamani ni nyumba ambayo mwenyewe ameacha kuziba matundu.

Na liko neno moja kwa wenzetu wa sindika na wa haki za watu. Kama unafikiri mtu amekutega wewe kwa makusudi, usikimbilie kufuta. Mdudu ni ushahidi. Kata intaneti, acha kuitumia, tafuta msaada. Access Now wana dawati la usalama linalosaidia vyama vya raia bure, kwa Kifaransa pia. Na nchi yetu ina sheria: Code du numérique, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu anayeingia katika kompyuta ya mwingine bila ruhusa. Lakini sheria inauliza: ushahidi uko wapi?

Masharti yetu mapya

Tulikusanyika chini ya mwembe, tukakubaliana masharti matano, yamebandikwa ukutani:

Flashi ya kwenda birotiki ni moja tu, na inabeba karatasi ya kuchapa peke yake. Ikirudi, inapimwa kabla ya kufunguliwa.

Majina ya mashahidi hayakai katika kompyuta yenye intaneti. Yanakaa katika diski, na diski katika sanduku lenye kufuli.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mashini inapimwa, na aliyepima anaandika jina lake katika daftari.

Hakuna kuweka mchezo, filamu, wala programu ya kuokota. Hata kwa mtoto wa prezida.

Kila dosye ina kopi mbili, fasi mbili tofauti.

Machimboni tunajua kwamba shimo haliangukii mtu bila kusema. Kwanza mchanga kidogo unashuka, kisha mti unalia. Mchimbaji mzee anasikia na kutoka, kijana anasema ni upepo. Kompyuta yetu ilishusha mchanga miezi mitatu, nasi tukasema ni betri. Wewe unayesoma, leo jioni angalia tu ile ngao iliyo chini kuliani ya mashini yenu. Kama ina msalaba mwekundu, usingoje mama fulani afike na baleniere ndipo uanze kutafuta.